Weupe wa Kalighat

Hili nimelisema kumbi nyingi, na bado naulizwa: ule weupe nyuma ya Kali, mungu wa kike wa Kihindu, katika michoro ya Kalighat, una siri gani ya kiroho? Hauna. Ni karatasi ambayo haikupakwa rangi.

Jengo la sasa la hekalu la Kalighat, Kolkata, India, lilikamilika 1809, na wachoraji Wapatua wakahamia hapo kutoka vijijini Bengal. Kijijini walikuwa na michoro mirefu ya kukunjua, wanaifunua kidogo kidogo huku wakiimba kisa kizima. Sasa hujaji aliyetoka kusukumana hekaluni, safari ya kurudi inamngoja, atakaa kusikiliza wimbo mpaka mwisho? Anataka picha moja, aikunje, aende zake. Tena kwa pesa ya shaba, zile ambazo 64 zilifanya rupia moja. Wazee wetu wa Unguja walizijua sana. Kwa bei hiyo nani akuchoree milima na mawingu? Karatasi nyembamba ya kiwandani, rangi ya maji inayokauka upesi, na familia nzima kazini, wake na watoto: huyu anapiga mstari wa nje, yule anajaza mwili, mwingine nguo, mwingine vito. Mkesha wa Idi kwa fundi cherehani, ila kwao ni kila siku. Mstari ule mnaousifu, mrefu, brashi haiinuki, ni wa mkono uliorudia Kali yuleyule mpaka hauhitaji kuangalia.

Najua kuna aliyenuna huko nyuma: "Mwalimu, umewafanya wachuuzi." Walikuwa wachuuzi! Na mnunuzi aliitundika picha akaiombea. Kwani waashi waliojenga hekalu hawakulipwa?

Tena hawakuuza miungu tu. Mwaka 1873 mume alipomuua mkewe, Elokeshi, aliyehusishwa na mkuu wa hekalu la Tarakeshwar, kisa kikachorwa na kuuzwa palepale Kalighat. Wateja walikitaka.

Rangi nazo, masizi, manjano... basi, naoneshwa saa. Zikaja picha za chapa, nyingine kutoka Ujerumani, zimejaa mandhari, bei ya chini. Kufikia miaka ya 1930 biashara ya mkono ilikuwa imekwisha. Nyingi mtazikuta London, jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Mwandishi Rudyard Kipling alilipatia jumba hilo mkusanyo wa baba yake mwaka 1917. Haya, maswali, na yawe mafupi.