Weusi wa Melanini: Mhadhara Uliotolewa Bukavu

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa sakafuni kwa kuwa viti havikutosha, karibuni. Saa moja kabla hamjaingia nilimenya ndizi mbili nikazikwaruza kwa kisu. Moja niliipaka maji ya ndimu, nyingine nikaiacha kama ilivyo. Mliokaa mbele mnaona kwamba ile isiyopakwa ndimu imeanza kugeuka kahawia, na kabla sijamaliza kusema itakuwa imekaribia weusi. Kila mama anayepika katika mji huu amewahi kuliona jambo hilo, na ndilo ninalotaka tulichunguze jioni ya leo, kwa maana linalotokea ndani ya ndizi ni ndugu wa karibu wa linalotokea ndani ya ngozi zetu zinapotengeneza melanini, ile rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi.

Ndizi ina dopamini na kemikali nyingine za jamii hiyo. Kisu kinapopasua seli, kemikali hizo hukutana na oksijeni ya hewa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kemia, chenye shaba, na zinapooksidishwa huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe bila utaratibu, mpaka zinatoa rangi ya giza. Ukali wa ndimu hukizuia kimeng'enya hicho, na vitamini C iliyomo huirudisha nyuma kazi iliyokwisha kuanza. Katika ngozi, kimeng'enya cha ukoo huohuo huitwa tirosinasi, nacho hubeba atomu mbili za shaba. Huanza na tirosini, asidi ya amino, yaani kijenzi cha protini, tunayoipata katika maharage, samaki na nyama, huigeuza kuwa dopa, kisha dopakinoni. Hapo njia hugawanyika. Ikiwa kuna sisteini ya kutosha, yaani asidi ya amino yenye salfa, inajiunga na dopakinoni na mwisho wake ni feomelanini, rangi nyekundu au ya manjano tunayoiona katika nywele nyekundu za baadhi ya watu wa Ulaya. Sisteini ikiisha, dopakinoni hujikunja na kufunga pete, ikazaa molekuli ndogo zenye pete, ziitwazo indoli, za aina mbili, na indoli hizo zikishikana tunapata eumelanini, ambayo ni kahawia iliyokolea au nyeusi. Sehemu kubwa ya ramani hii ilichorwa na wanasayansi wawili, Raper katika miaka ya 1920 na Mason katika miaka ya 1940, na hadi leo inaitwa kwa majina yao.

Sasa mwanafunzi wa kemia huniuliza: fomula ya melanini ni ipi? Namjibu kwamba haipo, naye hudhani ninamkwepa. Protini ina mfuatano wake, sukari ina umbo lake, lakini eumelanini haina molekuli moja unayoweza kuichora ubaoni ukasema ndiyo hii. Haiyeyuki katika maji wala katika vimiminika vingi tulivyonavyo maabara, wala haifanyi fuwele, kwa hiyo eksirei, iliyotusaidia kulifahamu umbo la DNA, hapa inatupa picha yenye ukungu tu. Kutokana na ukungu huo tunajua kwamba indoli chache chache zilizoshikana hufanya vipande bapa, na vipande hivyo hulaliana kama chapati kwenye sahani, kila kimoja kikitengana na mwenzake kwa kadiri ya nanometa, yaani sehemu za bilioni za mita, 0.34 hadi 0.38. Wanakemia wengine huivunjavunja melanini kwa hidrojeni peroksidi na kuhesabu mabaki, sawa na mtu anayetaka kujua nyumba ilikuwaje kwa kuhesabu matofali baada ya kuibomoa. Njia hiyo imefundisha mengi, lakini matofali hayasemi mlango ulikuwa upande gani.

Kwa muda mrefu watu waliuona mchafuko huo kama kasoro ya utafiti wetu, kitu ambacho vifaa bora zaidi vingekiondoa. Mimi ninaungana na wale wanaosema kwamba mchafuko wenyewe ndio siri ya weusi. Fikirieni mawese. Rangi yake inatoka kwenye karotini, na karotini ni molekuli inayojulikana vizuri, inayomeza mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu na wa manjano upite, ndiyo maana mawese ni ya rangi ya chungwa. Karibu kila rangi ya kemia hufanya hivyo: ina eneo lake la mwanga inalolipenda, na mengine huyaacha. Melanini haina eneo kama hilo. Ukiipima kuanzia nanometa 700, kwenye mwekundu, hadi 400, kwenye urujuani, na kuendelea katika urujuanimno, ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho, mstari wa ufyonzaji unapanda tu, bila kilima wala bonde. Sababu yake ni kwamba kila kipande kidogo ndani yake kinatofautiana kidogo na jirani yake kwa ukubwa, kwa jinsi kilivyooksidishwa na kwa jinsi kilivyolaliwa, na kila kimoja humeza wimbi lake. Simameni asubuhi nje ya soko la Kadutu. Kila muuzaji ana sauti yake na maneno yake, lakini kutoka mbali hamsikii sauti ya mtu yeyote, mnasikia uvumi mmoja tu. Weusi wa melanini ni uvumi wa namna hiyo.

Mwanga ukishamezwa, nishati yake huenda wapi? Rangi nyingi hurudisha sehemu yake kwa kung'aa. Eumelanini hurudisha chini ya fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, katika kila 1,000, na zilizobaki karibu zote huwa joto, tena katika muda usiofika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kasi hiyo ina maana kubwa, kwa sababu molekuli iliyobaki na nishati muda mrefu hutafuta mahali pa kuitua, na mahali penyewe panaweza kuwa DNA. Feomelanini haina ustadi huo. Ikipigwa na urujuanimno huzalisha kemikali kali zinazoweza kuidhuru seli iliyoibeba.

Hapa Bukavu tuko kwenye mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari na hatuko mbali na ikweta, kwa hiyo urujuanimno tunaopokea ni mwingi. Watu wengi hudhani kwamba mwenye ngozi nyeusi ana seli nyingi zaidi za kutengeneza melanini. Idadi ya seli hizo inakaribiana kwa binadamu wote. Tofauti iko katika chembe zinazotoka humo, yaani melanosomu: ukubwa wake, wingi wake na namna zinavyotawanywa. Zikishafika katika seli za juu, hukusanyika upande wa jua, juu ya kiini cha seli, kama mwavuli. Krimu zenye zebaki zinazouzwa kwa ajili ya kujichubua huishambulia tirosinasi, na zebaki hiyo huingia mwilini na kuharibu figo. Sitaki kugeuza mhadhara kuwa mahubiri, basi naliacha hapo.

Jambo jingine la mwanga na ngozi limewahusu wagonjwa moja kwa moja. Kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hutumia mwanga mwekundu wa nanometa zipatazo 660 na mwingine usioonekana wa 940. Mstari unaopanda, niliousema punde, unamaanisha kwamba melanini humeza ule wa kwanza zaidi kuliko wa pili, na kifaa kisipozingatia hilo hukosea hesabu. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, waliangalia vipimo ambavyo kifaa kilionyesha asilimia 92 hadi 96, wakavilinganisha na oksijeni iliyopimwa katika damu ya ateri. Kwa wagonjwa Weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo vilificha oksijeni iliyokuwa chini ya 88. Kwa Wazungu ilikuwa 3.6.

Nirudi kwenye wanyama. Wale waliopanda milima ya hifadhi ya Kahuzi-Biega wamemwona dume la sokwe mkubwa, gorila, mwenye mgongo wa fedha. Fedha hiyo si rangi iliyoongezwa. Ni nywele zisizo na melanini, na keratini iliyobaki, yaani protini ya nywele na manyoya, ambayo haina rangi, hutawanya mwanga wote sawasawa kama povu la sabuni. Tausi aliyezaliwa bila melanini naye ni mweupe mkiani, na hapa wengi hushangaa, maana buluu na kijani zake zimekwenda wapi?

Zimekwenda na ule weusi. Nyoya hili ni la ndege chozi, nililiokota bustanini. Linang'aa kijani, lakini ndani yake hamna kemikali ya rangi ya kijani hata tone. Ndani yake melanosomu zimepangwa tabaka juu ya tabaka katika keratini, na melanini huupinda mwanga zaidi kuliko keratini: fahirisi yake ya mpindo ni karibu 1.7 hadi 1.8, ya keratini ni karibu 1.56. Katika kila mpaka sehemu ya mwanga hurudi, na unene wa tabaka ndio unaoamua wimbi gani lirudi na nguvu na lipi lizimwe. Mwanga unaopotea njia humezwa na melanini hiyohiyo, ndiyo maana kijani inakuwa safi. Kwezi wamekwenda mbali zaidi. Baadhi yao wana melanosomu zenye uwazi wa hewa katikati, na hewa huongeza tofauti hiyo ya mpindo. Basi kitu kisicho na mpangilio wowote katika kemia yake kimepangwa na ndege kwa usahihi wa makumi ya nanometa.

Nyoya la pili nililisaga mchana katika kinu kidogo, muda mrefu, mpaka mkono ukachoka. Liko katika karatasi hii: unga wa kahawia iliyoiva. Taa iko mezani. Mnaotaka kuligeuza lile zima chini ya mwanga njooni kwa zamu, na wenye maswali waanze.