Taa Ionekane, Balbu Isionekane

Asalaam aleikum, ndugu zangu, na ahsanteni kwa kuacha baraza zenu jioni hii. Kabati hili la gemu nimelitengeneza kwa plaiwudi nyumbani, hapa hapa Langoni, Lamu. Ya skrini na vifungo tutayazungumza siku nyingine. Leo nina neno juu ya kibao cha juu tu, kile chenye jina la gemu, kinachowaka. Zama za gemu ya Pac-Man, mwaka 1980, nyuma ya kibao kama hiki ilikaa taa ya tyubu. Sisi tunatumia mkanda wa LED wa volti 12.

Cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Mkanda wangu ulikuwa na taa 60 kwa mita, yaani taa na taa zimepishana kama milimita 17, nami nikaubandika sentimita moja tu nyuma ya picha yenye jina la gemu. Mchana, mashallah. Usiku nikawasha, nikaona nukta zimejipanga kama tasbihi. Nikaongeza mkanda wa pili, nikapata tasbihi mbili.

Dawa yake ni nafasi. Kutoka taa hadi kwenye picha kusipungue ule mwachano wa taa na taa. Ukiweza mara mbili au tatu yake, afadhali. Kisha nyuma ya picha weka perspeksi, plastiki ngumu kama kioo, nyeupe ya maziwa, ile isiyopenywa na macho.

Na ndani ya kisanduku cha taa, nyuma ya kibao? Mmezaliwa katika jibu. Nyumba zetu za mawe, vyumba vya ndani kabisa havitazami njia. Mwanga huingia kwa kiwanda, uani pale, halafu kuta za chokaa zinapokezana mpaka unafika kwenye zidaka. Basi kisanduku nacho kipake rangi nyeupe isiyong'aa, kila upande. Mimi nilikiacha rangi ya mbao, na nusu ya mwanga niliolipia ikamezwa humo.

Kwa mchapishaji, sema mapema kuwa picha itamulikwa kwa nyuma. Weusi uliopigwa wino mara moja hugeuka kijivu taa ikiwaka. Mwombe aupige mara mbili. Mwanga unaochungulia pembeni uzibe kwa utepe mweusi. Hilo halina maneno mengi.

Perspeksi yenyewe ina tabia zake. Kipande cha sentimita 60 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita moja, kwa hiyo ukikibana barabara kitapinda tumbo. Kiachie upenyo kidogo kila upande, na matundu ya skrubu yatoboe mapana kuliko skrubu. Kisafishe kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Spiriti usiiguse: huacha nyufa nyembamba kama nywele, na taa ikiwaka kila ufa unajitangaza.

Sasa chumvi, mgeni wetu asiyeaga. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Pale ulipounga waya kwa solda funika kwa silikoni, lakini inuse kwanza. Ile yenye harufu ya siki hula shaba. Mwaka mzima nililaumu adapta bure, kumbe mlaji nilimpaka mwenyewe. Matundu ya kupumulia yafunike kwa wavu wa dirishani, la sivyo wadudu wa masika wataingia kufuata taa na kufia humo, nawe utakuwa na vivuli vya mabawa juu ya jina la gemu yako.

Ile karatasi ya kinga juu ya perspeksi msiibandue mpaka rangi yote imekauka na vumbi la msasa limefutwa. Hapa bado ipo. Mnauona ukingo wake ulivyoinuka? Mwanangu, wewe uliyekaa mbele, njoo. Mikono haina samli ya mahamri? Shika pembe hiyo, vuta polepole. Nami nazima taa za ukumbi.