Mwani umefunika matumbawe yako? Anza na mswaki na jerikeni moja

Haya jamani karibuni, leo tuko hapa nyumbani Kampala na tenki langu la maji chumvi, lita 200, na kabla sijagusa kitu angalieni hili jiwe la kushoto, sogeza kamera kidogo, eeh hapo hapo. Mnaona hizo nywele za kijani? Ukizishika ni laini kama pamba iliyolowa, na ukizifunua hivi, chini kuna matumbawe madogo yamejifunga, yanashindwa kufunguka maana hayapati mwanga. Inaniuma sana, matumbawe yamesafiri kutoka baharini mpaka kwetu huku tusiko na bahari halafu yafie chini ya nyasi, hapana.

Sasa kabla ya kukimbilia dawa, jua kwamba mwani unalishwa. Ukishuka pale Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, uone ziwa lilivyo kijani, ni kwa sababu maji machafu ya mji yanateremka na mfereji wa Nakivubo mpaka ghuba ya Murchison, yamejaa naitrojeni na fosfora, mwani unakula unashiba. Kwenye tenki ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba anayeleta chakula ni wewe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni maji. Maji ya bomba hata kama yamesafishwa na unayachemsha unakunywa vizuri, kwa matumbawe usiyatumie, yapitishe kwenye mashine ya RO, ile inayochuja maji kwa utando mwembamba, halafu kwenye resini ya DI, chembe zinazonasa madini yaliyobaki, na mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Ikianza kusoma 5 au 10 badilisha resini, usingoje. Na haya ya kujazia yale yanayopungua kwa jua na joto pia yawe hayo hayo, watu wengi wanakosea hapo, wanachanganya chumvi na maji safi halafu kila siku wanajazia ya bomba.

Hatua ya pili, hii ndiyo kazi yenyewe, kung'oa kwa mkono. Zima pampu zote kwanza ili vipande visitawanyike. Andaa jerikeni ya lita 20 ya maji mapya, changanya na chumvi ya akwariamu, siyo ya jikoni wala ya ng'ombe, mpaka kipimo cha chumvi kisome 1.025, na joto liwe sawa na la tenki. Halafu chukua mpira mwembamba, funga mswaki mpya kwenye mdomo wake na rababendi, vuta maji yaanze kutiririka kwenye ndoo, sasa sugua jiwe hivi, polepole, mnaona? Kila unachong'oa mpira unakimeza hapo hapo. Ndoo ikifika lita 20 simama, rudisha zile mpya, umeshabadilisha asilimia 10. Fanya hivi kila wiki, na ukiweza kutoa jiwe zima nje ni bora zaidi, lisugulie kwenye beseni la maji ya tenki.

Ukikuta vile vibofu vya kijani vinavyong'aa kama ushanga, hivyo usivipasue ndani ya maji, vikipasuka vinaweza kumwaga mbegu. Vibandue vizima.

Chakula: kile cha kuganda kiyeyushe kwenye kichujio cha chai, maji yake mwaga, wape samaki kinachoisha ndani ya dakika 2. Taa ziwake kwa muda wa saa 8 kila siku, taa nyeupe punguza, bluu acha, na tenki likipigwa na jua la dirishani weka pazia. Konokono ni wasaidizi wazuri, aina ya turbo wanakula nywele hizi vizuri zikiwa fupi, zikiwa ndefu wanazipita tu, ndiyo maana tunang'oa kwanza. Turbo akianguka chali mgeuze, wengi hawawezi kujigeuza wenyewe, na akifa akaoza umerudisha chakula cha mwani kwenye maji.

Sasa nisikilizeni hapa ssebo, nyabo. Mimi mwaka juzi nilichoka nikajaza kwa wingi, mara moja, midia, yaani chembe za kichujio, za kuvuta fosfeti, ile fosfora inayolisha mwani, kipimo kikasoma 0, nikafurahi. Wiki mbili baadaye nywele zimekufa lakini mchanga wote umefunikwa na ute wa kahawia wenye mapovu, yaani vijidudu vidogo sana viitwavyo dinoflajeleti, na matumbawe mawili yakapauka mpaka nikayapoteza. Matumbawe nayo yanahitaji kula. Lenga naitreti, ile naitrojeni iliyoyeyuka majini, kati ya 2 na 10 ppm (sehemu kwa milioni) na fosfeti kama 0.03 mpaka 0.1 ppm, na zishushe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Jiwe lililonyonya fosfeti miezi mingi litaendelea kuitema, kwa hiyo usishangae wiki ya tatu bado unasugua, mimi ilinichukua karibu miezi mitatu.

Umeme ukikatika hakikisha una pampu ya hewa ya betri, maana viumbe wakifa tenkini tunaanza upya.

Haya, washa pampu. Na hii ndoo ya maji machafu msiimwage kwenye migomba jamani, chumvi itaikausha, mwageni kwenye sinki.