Aliyeshika Mkono

Ndugu wasikilizaji, nianzie chumbani. Mgonjwa amelala kwenye kochi, macho yamefunikwa kitambaa, masikioni muziki. Kando yake wamekaa wataalamu wawili, nao hawatabanduka kwa saa sita hivi. Amemeza silosaibini, kemikali ya uyoga ambayo mkemia Albert Hofmann aliitenga mwaka 1958. Hofu ikimpanda, anashikwa mkono.

Naanzia hapo kwa sababu tukisikia habari za kutibu sonona na wasiwasi kwa silosaibini, akili hukimbilia kidonge, tukamsahau aliyeshika mkono.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya wagonjwa 51 wa saratani walioelemewa na wasiwasi na sonona, waliopewa silosaibini. Miezi sita baadaye, takriban wanane katika kila kumi walikuwa bado wana nafuu ya kuonekana. Watu wanaokitazama kifo! Mimi habari hiyo hainitoki moyoni.

Inakuwaje? Mwilini silosaibini hugeuka silosini, ikanasa kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Ungedhani ubongo utawaka kila kona. Lakini mwaka 2012, watafiti wa Imperial College London walikuta mtiririko wa damu umepungua kwenye vituo vikuu vya ubongo, vikiwemo vile vya mtandao unaofanya kazi mtu anapojiwazia mwenyewe. Aliyewahi kuugua sonona anaujua mzunguko ule: mimi sifai, mimi ndiye niliyekosa, usiku kucha. Huenda hiyo “mimi” ndiyo inayolegea. Hapo ndipo wanaochunguza fahamu wanapotega sikio, ingawa tusijidanganye: picha ya damu si picha ya fahamu.

Na lipo tatizo gumu. Mpe mmoja silosaibini na mwingine kidonge kitupu. Haipiti muda kila mmoja anajua alichopewa. Matumaini ya aliyebahatika yanajipenyeza kwenye matokeo. Wasiwasi huo uliiandama pia MDMA, kemikali nyingine inayobadili hisia, na Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kuiidhinisha kwa tiba ya kiwewe. Australia yenyewe ilikwisha kuruhusu zote mbili Julai 2023, kwa masharti, mikononi mwa madaktari wa akili walioidhinishwa.

Mtu akiniuliza kama ajaribu peke yake nyumbani, namwambia hapana, tafadhali. Majaribio mengi huwaweka kando wenye historia ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze mguso na uhalisia, hata ikiwa ni ya ndugu wa damu tu, na maswali hayo huulizwa kabla kochi halijatandikwa.