Jinsi ya kupima mwendo wa ardhi kwa setilaiti: tuko juu ya mwamba, Masasi

Habari za saa hizi, karibuni tena. Kamera inatikisika kidogo, mnisamehe, kusi linavuma na mimi nimesimama juu ya mwamba hapa nje kidogo ya Masasi. Huu mwamba ninaoukanyaga unatembea. Sitanii. Kila mwaka unasogea karibu sentimita 3 kuelekea kaskazini-mashariki, na sisi sote juu yake: mimi hapa, ninyi mlioko Mtwara mjini, Lindi, Nachingwea, mpaka Dodoma huko. Leo nawaonyesha namna ya kuupima mwendo huo, kuanzia kutoboa tundu la bolti mpaka jibu la milimita.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Zile sentimita 3 ni mwendo wa gari zima. Chukua basi la Mtwara kwenda Dar: abiria, konda, na kuku waliofungwa kwenye buti, wote wanakwenda kasi ileile. Tunayemtafuta ni yule anayesogea ndani ya basi. Afrika inaachana taratibu: magharibi kuna bamba la Nubia (bamba ni kipande kikubwa cha gamba la dunia), mashariki bamba la Somalia, na katikati vimebaki vipande vidogo. Sisi wa kusini tumebebwa na kipande kinachoitwa Rovuma, kwa jina la mto wetu, pamoja na ndugu zetu wa kaskazini mwa Msumbiji. Upande wa magharibi kinaachana na Nubia kule Ziwa Nyasa, na upande wa mashariki mpaka wake uko baharini. Mwaka 2014 Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzake walichapisha hesabu za vipande hivi vyote. Tofauti za mwendo huku kwetu ni milimita chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo ukikosea sentimita moja, umepoteza kila kitu.

Mahali. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Usiweke alama kwenye udongo kwa sababu tu ni karibu na barabara. Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, umefunikwa na mchanga mzito, na alama ya zege iliyosimikwa mchangani hupanda na kushuka na mvua. Utakuwa unapima mvua, si Afrika. Ndiyo maana nimepanda huku: haya mawe ya Masasi ni mwamba wa kale, mgumu, uliochomoza kutoka chini kabisa. Gonga kwa nyundo. Ukisikia mlio wa wazi, endelea. Ukisikia kama debe tupu, hilo ni gamba lililobanduka, hama.

Kisha tazama juu. Unataka anga tupu pande zote. Mkorosho mmoja upande wa kaskazini unatosha kukuharibia, maana majani yake hukata mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti, ambayo ndiyo tunayapokea kwa antena. Na bati ni baya zaidi, kwa sababu wimbi hugonga bati, likarudi na kuingia kwenye antena likiwa limechelewa, nayo antena haijui kuwa hilo ni mwangwi.

Kabla ya kutoboa, nenda ofisi ya kijiji. Usiruke hatua hii. Jana mzee mmoja alinikuta hapa na drili, nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye jiwe akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "mali ya Mjerumani iko upande gani?" Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Huku kwetu bikoni nyingi, zile alama za wapimaji, zimefukuliwa na watu wanaoamini Wajerumani walificha rupia au zebaki chini yake. Nikamwonyesha bolti yenyewe, nikampa aishike, nikamweleza. Sasa yeye ndiye mlinzi wangu, na kwa kweli hakuna uzio unaomfikia.

Haya, sogeza kamera karibu. Natoboa tundu la kina cha sentimita 10 hivi, nalipuliza vumbi lote, namimina gundi ya epoksi, nazamisha bolti ya chuma kisichoshika kutu. Kichwa kisichomoze, kilingane na mwamba, la sivyo wa chuma chakavu watakusaidia kuking'oa. Katikati ya kichwa kuna kijishimo kidogo, mnakiona? Kidogo kuliko punje ya mtama. Hicho ndicho tunachokipima kwa miaka yote ijayo. Antena itabadilika, mpimaji atabadilika, kijishimo kitabaki.

Gundi ikishakauka, simika tripodi. Miguu nimeikandamiza kwa vifuko vya mchanga, maana kusi la mwezi wa saba halina mchezo. Nafungua lenzi ya chini, nasogeza mpaka alama ya lenzi ikae juu ya kijishimo, halafu nasawazisha kwa skrubu tatu. Kiputo cha pima maji kinakuja... kinakuja... hapo. Narudi kwenye lenzi, nakuta kimehama nusu milimita. Nalegeza, nasogeza, nasawazisha tena. Mara tatu, mara nne, ni kawaida. Antena ina alama ya kaskazini, ielekeze kaskazini kila mara unaporudi.

Sasa urefu wa antena. Naomba mtulie hapa. Naweka ncha ya tepu kwenye kijishimo, navuta mshazari mpaka alama iliyo ukingoni mwa antena: mita 1.513. Nazunguka upande wa pili: 1.514. Wa tatu: 1.513. Hicho ni kipimo cha mshazari, sicho cha wima. Nusu kipenyo cha antena hii ni sentimita 17, kwa hiyo kwa kanuni ya Pithagorasi urefu wa wima ni mita 1.504. Kisha natoa umbali kutoka alama ya ukingoni hadi kitako cha antena, umeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Naandika daftarini vyote: mshazari, wima, aina ya antena, namba yake. Napiga na picha.

Nasisitiza kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza niliandika mshazari nikauingiza kwenye hesabu kama wima. Mwaka wa pili nikaandika sawasawa. Kilima kikawa kimepanda karibu sentimita moja ndani ya mwaka mmoja! Nilifurahi wiki nzima. Nikamwita hadi mwalimu wangu. Akaniuliza swali moja tu, "Tepu ulivuta wapi?"

Washa risiva, kifaa kinachopokea na kurekodi mawimbi ya setilaiti kutoka kwenye antena. Iwe ya masafa mawili, hilo halina mjadala. GPS hutuma mawimbi ya urefu wa sentimita 19 na mengine ya sentimita 24 hivi. Simu yako husoma ujumbe uliobebwa na wimbi, ikakosea mita kadhaa. Risiva hii husoma wimbi lenyewe, liko wapi kwenye mzunguko wake, hadi kiasi cha asilimia moja. Asilimia moja ya sentimita 19 ni milimita 2, na mchezo wote uko hapo. Masafa ya pili ni kwa ajili ya tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme: hulichelewesha kila wimbi kwa kiasi chake, na kwa kulinganisha hayo mawili unaufuta ucheleweshaji karibu wote. Sisi tuko karibu na ikweta, tabaka hilo huchafuka sana, hasa baada ya magharibi. Mkiona saa mbili usiku setilaiti zinapotea na kurudi, msipige kifaa, si kosa lake.

Rekodi kila sekunde 30. Pokea GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kama kifaa kinaruhusu. Acha usiku na mchana, angalau siku mbili kamili, tatu ni bora. Siku ya setilaiti hukatwa saa sita usiku kwa saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa tisa alfajiri, kwa hiyo mimi huwasha jioni ili nipate siku nzima bila kipande. Betri mbili za gari na soketi ya akiba. Watoto watakuja, waonyesheni mkwaju ulipo wakacheze huko.

Tukishapata faili, tunaligeuza kuwa muundo wa RINEX, ambao programu zote zinausoma. Halafu subiri. Ndiyo, subiri wiki mbili hivi, mpaka njia sahihi za setilaiti na saa zake zitolewe na mtandao wa kimataifa wa IGS. Baada ya hapo pakia faili kwenye huduma ya CSRS-PPP ya Wizara ya Maliasili ya Kanada, ni bure, unajiandikisha tu. Naipenda kwa sisi wa huku kwa sababu haitegemei kituo cha jirani. AUSPOS ya Australia nayo ni bure, ila yenyewe hukulinganisha na vituo vingine, na vingi viko mbali nasi. Jibu linakuja kwa barua pepe, katika mfumo wa ITRF, yaani mfumo wa kimataifa wa kutaja mahali duniani. Msilichanganye na ramani zetu za zamani za Arc 1960, mtajikuta mmehama karibu mita 300 na kudhani ni tetemeko.

Mwakani, mwezi huuhuu wa saba, unarudi. Huuhuu, kwa sababu wakati wa mvua ardhi hubeba maji na kudidimia kidogo, na hewa huwa imejaa mvuke. Tripodi ileile, antena ileile ukiweza.

Hesabu ya makosa ni fupi. Tuseme kila kipimo kina shaka ya milimita 4. Ukilinganisha vipimo viwili vya mwaka mmoja mbali, shaka ya kasi ni milimita 6 hivi kwa mwaka. Utaona gari linakwenda, abiria humwoni. Kwa miaka mitano shaka inashuka hadi milimita 1 na kidogo. Hapo ukiwa na bolti nyingine Songea, nyingine Mbamba Bay, na moja ng'ambo ya Ziwa Nyasa, toa mwendo mmoja kutoka mwingine, kinachobaki ndicho kinachoipasua nchi. Na tetemeko likipita katikati, kama lile la Karonga, Malawi, la Desemba 2009, usipitishe mstari mmoja kwenye nukta zote za vipimo vyako. Kata mstari, anza upya baada ya mruko.

Basi, siku zimetimia, tumezima risiva. Nimefunika bolti kwa udongo kidogo na jiwe bapa. Mzee amesema jiwe hilo ni dogo mno, amekwenda kutafuta lake.