Taa ya Fowili na Waranti Yenye Maneno Mengi

Mwanaidi: Karibuni tena. Leo mgeni wetu ni mtangazaji mwenzangu mwenyewe, maana wiki kadhaa sasa anakuja studio kwa bodaboda ilhali ana gari jipya. Kaka Dulla, gari liko wapi?

Dulla: Usinichokoze, dada. Limerudi juzi. Lilikuwa kwa wale walioniuzia.

Mwanaidi: Anza mwanzo. Watu wanajua tu kwamba ulikwama Usambara.

Dulla: Masika haya. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni lami, kona tupu, raha. Nikaingia barabara ya udongo kwenda Mtae, mvua imenyesha usiku kucha. Mlima wa kwanza wenye utelezi, ikawaka taa ya njano: angalia mfumo wa 4WD, yaani fowili, ule unaosukuma magurudumu yote manne. Magurudumu ya mbele yanazunguka kama feni, ya nyuma yametulia kama hayahusiki.

Mwanaidi: Ukashuka kusukuma.

Dulla: Vijana walisukuma. Mimi nilishuka kulipa.

Mwanaidi: (anacheka) Lakini si una waranti?

Dulla: Miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Mimi nina miezi 14 na kilomita 31,000. Nikajua nimeshinda. Nafika Dar, walioniuzia wanapima kwa kompyuta, wananiambia gari zima. Kumbe njiani, pale Korogwe, fundi mmoja alichomeka kimashine chake akafuta kosa, taa ikazima. Nikampa elfu 20 na shukrani juu.

Mwanaidi: Yaani umelipia kufuta ushahidi wako.

Dulla: Kabisa. Gari likiona hitilafu linahifadhi namba ya kosa, na mengi yanahifadhi hata mwendo na hali ya gari wakati huo. Ukifuta, fundi anaanza sifuri. Tangu hapo taa ikiwaka sigusi kitu, napiga picha, odometa ionekane.

Mwanaidi: Na ikawaka?

Dulla: Siku ya nne, foleni ya Ubungo. Nikaenda nayo hivyo hivyo. Safari hii kosa wakaliona. Fundi akachungulia chini, akaniambia, "Mkuu, tairi zako hazilingani."

Mwanaidi: Wameanza kukukwepa.

Dulla: Nami niliona hivyo, nikapandisha sauti. Lakini dada, tuseme ukweli, walikuwa na hoja. Nilipasua tairi Chalinze, nikaweka mbili mpya nyuma, za kampuni nyingine. Namba za ubavuni ni zile zile, nikadhani yameisha.

Mwanaidi: Sasa kosa liko wapi?

Dulla: Kashata, yale meno ya tairi, za mpya ni milimita 8, za mbele zilibaki 4. Tairi lililolika ni dogo, kwa hiyo linazunguka haraka zaidi. Kila mzunguko la mbele na la nyuma yanapishana sentimita 2.5 hivi, ukienda kilomita moja, ni kama mita 11. Kompyuta inasoma sensa zile zile za breki za ABS, zinazopima kasi ya kila gurudumu, inaona mbele yanakimbia kuliko nyuma, inadhani gari linateleza. Inabana klachi iliyo mbele ya difu ya nyuma, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Klachi inapata moto, mfumo unajizima kujilinda.

Mwanaidi: Mbona basi kosa ni lako!

Dulla: Nusu. Nikauma meno, nikanunua mbili za mbele zifanane na za nyuma. Wiki haijaisha, taa hiyooo! Hapo hoja ya tairi ikafa. Wakapandisha gari juu: soketi ya waya inayokwenda kwenye klachi, mpira wake umechanika, maji yameingia, pini zimeota ukungu wa kijani.

Mwanaidi: Wakakubali?

Dulla: Thubutu! Meneja anasema maji ni matumizi mabaya. Nikamwuliza, na lile bango lako ukutani, gari linavuka mto, lile linaogelea? Akanyamaza kidogo.

Mwanaidi: (kicheko kirefu)

Dulla: Lakini kilichonisaidia si mdomo. Nilikuwa na jobukadi tatu, zile karatasi za gereji za kuandika tatizo la gari, zote zimeandikwa "taa imewaka, fowili haifanyi kazi", na tarehe. Ile ya kwanza walitaka kuandika "sevisi ya kawaida", nikakataa kusaini. Sijui nilipata wapi akili hiyo, maana kwa fundi wa Korogwe sikuwa nayo. Na barua ya kwenda Tume ya Ushindani, FCC, wale wanaolinda walaji, ilikuwa tayari kwenye begi. Sikuituma.

Mwanaidi: Nani kalipa nini?

Dulla: Waya na klachi, wao. Tairi, mimi. Bodaboda za wiki zote hizo, mimi pia.

Mwanaidi: Na Mtae?

Dulla: Narudi Ijumaa. Wale vijana niliwapa nusu, iliyobaki niliahidi.

Mwanaidi: Nabeba buti zangu.