Viza ya muda mrefu ya Ujerumani: kijana wa Tanga aanzie wapi

Wazee wetu, shikamooni. Wadogo zangu, karibuni.

Nianze na mlango usiofunguka, maana ndio unaouzwa sana mitaani. Australia na Uingereza wana viza za vijana za kuishi na kufanya kazi kwa muda, lakini hutolewa kwa raia wa nchi zilizowekeana makubaliano, na Tanzania haimo. Anayekudai pesa akuwekee nafasi anakuibia. Viza ya matembezi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Ujerumani imo, nayo ni siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Usiende nayo Ujerumani ukitarajia kuibadilisha hukohuko iwe kibali cha kuishi. Utarudishwa Dar es Salaam kuanza upya.

Tunayoitaka ni viza ya kitaifa, aina ya D. Ada yake ni euro 75, hairudishwi hata ukinyimwa.

Mwenye miaka 18 mpaka 26 anaweza kwenda kama au pair: anaishi na familia, anasaidia kulea watoto na kazi ndogo za nyumbani. Siku ya kuomba awe hajatimiza 27, na awe na Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya kwanza kabisa. Muda ni miezi 6 hadi 12. Wazazi, shikeni haya kabla binti au kijana wenu hajatia sahihi mkataba: kazi haizidi saa 30 kwa wiki, pesa ya mfukoni ni euro 280 kwa mwezi, familia inalipa bima na inachangia euro 70 kila mwezi kwa masomo ya lugha. Ana haki ya likizo na ya chumba chake. Huyu si hausigeli. Mkataba usiotaja saa za kazi msiukubali, hata kama familia inaongea vizuri kwenye simu.

Zipo pia huduma za kujitolea za mwaka mmoja, kwenye nyumba za wazee, hospitali au chekechea. Aina iitwayo FSJ inaishia miaka 27, ile ya BFD haina ukomo wa umri.

Njia ninayoipigia debe zaidi ni Ausbildung, mafunzo ya kazi yanayolipa posho. Ya uuguzi huchukua miaka 3, na ukimaliza una fani inayotafutwa nchi nzima. Kinachowakwamisha vijana wetu ni lugha. Waajiri wengi wanataka B1, ngazi ya kati, uuguzi mara nyingi B2, ya juu yake. Kufika B1 kutoka sifuri huhitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Kwa vipindi 10 kwa wiki, hiyo ni wiki 35 hadi 65; hesabu mwaka mzima kwa usalama. Mafunzo mengi huanza Agosti au Septemba, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: mwaka wa lugha, miezi ya kutafuta mwajiri na kukaguliwa cheti cha shule, kisha miezi ya viza. Kama posho haitoshi kujikimu, utatakiwa kuonyesha pesa ya kuijazia.

Chancenkarte, kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukiwa huko, na ruhusa ya kibarua cha saa 20 kwa wiki. Inataka shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya nchi uliyosomea. Kozi ya miezi 3 ya VETA haitoshi, wala cheti cha kidato cha nne peke yake. Unahitaji pia alama 6: umri usiozidi miaka 35 una alama 2, Kijerumani cha B1 alama 2, uzoefu wa kazi wa miaka 2 katika fani yako alama 2. Ugumu uko kwenye pesa. Kwa viwango vya 2025 ni euro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa, kwenye akaunti maalumu unayochota kidogokidogo. Kwa mwaka ni 13,092. Msiuze shamba la familia kwa ajili ya ruhusa ya kutafuta kazi; Ausbildung yenye mkataba ni salama zaidi.

Sasa makaratasi. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha NECTA, kitambulisho cha NIDA na pasipoti lifanane herufi kwa herufi. Mwanahidi na Mwanaidi kwa karani wa ubalozi ni watu wawili. Rekebisha kwanza, ndipo uombe pasipoti, shilingi 150,000, fomu ikiwemo. Ubalozini utakwenda mwenyewe, kwa sababu ya alama za vidole. Kabla ya kupanda basi pale Kange, panga nyaraka kwa mfuatano wa orodha yao, na nakala zake. Tangu Julai 1, 2025 Ujerumani imefuta utaratibu wa kuuandikia ubalozi barua ya kupinga uamuzi. Ukinyimwa, unaomba upya na kulipa upya, au unafungua kesi mahakamani Berlin.

Wenye vyeti vyao hapa, leteni mezani tuvikague majina.